Imehifadhiwa

Siku ya arobaini na moja niliwasha simu ya Hizza,
nikaifunga kwa mpira wa baiskeli kwenye usukani wa guta,
mitungi kumi na miwili ya gesi ikigongana nyuma yangu
kama vyombo katika nyumba yenye ugomvi.
Nilidhani naijua Tanga. Nani asiyejua kuhesabu?
Barabara ya Kwanza, ya Pili, ya Tatu, mpaka uchoke.

Lakini ramani yake haikuwa na namba.
Alizifuta moja moja kwa kidole chenye grisi,
akaandika:
Mama Lipa-Kesho.
Geti la kijani, siku hizi buluu.
Hapa zima injini, kuna kichanga.
Kihiyo: hodi tatu, mbili hazisikii.
Na kwetu, pale ambapo programu inataka uandike Nyumbani,
aliandika Marejeo.
Mwenda tezi na omo, alizoea kunitania,
marejeo ni Ngamiani.

Yule mwanamke wa ndani ya simu
nilimwonea wivu wiki nzima.
Baada ya mita mia mbili, pinda kushoto,
na kweli, mita mia mbili, kushoto,
na kweli, kichanga yupo, sasa anatembea,
anaishangaa guta iliyozimwa kwa ajili yake.

Jumanne oda ikatoka Raskazone.
Njia nyoofu hata kipofu angeionyesha.
Laini ya buluu ilikwenda vizuri, ikakaribia Bombo,
ghafla ikakata kona, ikazunguka huko nyuma
kilomita moja na nusu. Petroli ya maskini!
Nikasema: ahaa.
Kila mume ana kona yake.

Nikaifuata. Nikakagua kila dirisha,
kila khanga iliyoanikwa nikaisoma jina.
Hapakuwa na pini. Palikuwa na vumbi, ukuta,
na fundi aliyelaza friji ubavu kama ng'ombe mgonjwa.
Nikamsalimia vibaya. Hakustahili.

Usiku nikafungua Mipangilio.
Epuka vivuko: hapana.
Epuka barabara za vumbi: hapana,
angeuza wapi?
Chini kabisa, eneo alilolichora mwenyewe,
umbo la yai lililokanyagwa,
na hospitali imo katikati kama kiini.
Epuka. Siku zote.
Na tarehe: Machi, mwaka ule.

Mwaka ule nilishuka ngazi za Bombo
na khanga mpya iliyokunjwa, haina mtu ndani.
Nilipanda nyuma ya guta, katikati ya mitungi,
nikasema neno moja tu: usinipitishe tena hapa.
Hizza hakujibu. Alikuwa anahangaika na ufunguo.
Nikaamini hakusikia.
Nikamwekea moyoni miaka tisa.

Mara ngapi nilipanda nyuma baada ya hapo,
kwenda kwa dada yangu, kwenda arusini,
na sikuuliza hata siku moja mbona tunazunguka?
Nililalamika tu kwamba tumechelewa,
kwamba pilau litakuwa limekwisha.

Sasa kila ninapofika kwenye ile kona simu inasema:
Kuna njia fupi zaidi. Utaokoa dakika nne.
Ndiyo. Hapana.
Juzi nilibonyeza Ndiyo. Nikapita. Ngazi zimepakwa rangi.
Jana Hapana. Kesho sijui.
Ila pale ukutani kwa fundi friji
nimeweka pini yangu, ya kwanza tangu nianze,
nikaandika: Alisikia.

Mteja anapiga. Gesi imemkatikia,
maharage yamegoma katikati, wageni wameshavua viatu.
Uko wapi, Semkiwa, mbona kwenye ramani ni karibu?
Nakuja, dada.
Nazunguka kidogo.